Matangi ya Kinsevere Hukaa Jirani

Kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi kuna mgodi wa shaba wa Kinsevere, ambao uko mikononi mwa MMG tangu kampuni hiyo ilipoinunua Anvil Mining mwaka 2012. Kiwanda chake, kilichoanza kutoa katodi mwaka 2011, hufanya kazi kwa hatua. Mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi, maji yaliyobeba shaba yanasafishwa kwa kiyeyusho, kisha yanapitishwa umeme mpaka shaba ijijenge kwenye mabamba ikiwa na usafi wa asilimia 99.99. Karibu kila hatua ina matangi yake.

Mfano wa matangi hayo niliukuta katika hati ya mapendekezo iliyoletwa kwa kampuni moja ya wakandarasi wa upande huo, ambayo mimi ndiye mtunzaji wa tovuti yake ya ndani. Muuzaji wa seva aliandika kwamba kama mgodi unavyotenganisha matangi, ndivyo tovuti inavyopaswa kutenganisha seva zake, na akaambatanisha bei. Wakubwa waliisoma, wakanipigia simu, wakaniuliza kama ni kweli. Nilijibu kwamba mfano ni mzuri na kwamba aliyeuandika hakuufuata mpaka mwisho.

Tovuti yenyewe haina urembo. Imejengwa kwa WordPress, na ndani yake mnakaa taratibu za usalama, ratiba za zamu, fomu za ukaguzi wa magari, na karatasi ya mazungumzo ya usalama ambayo kila kiongozi wa kikosi lazima aisome mbele ya watu wake kabla hawajagusa chombo chochote. Zamu inaanza saa 12 asubuhi. Kati ya saa 11 na nusu na saa 12 kasorobo viongozi wote wanaufungua ukurasa mmoja karibu kwa mpigo. Hapo ndipo simu yangu ilipokuwa inalia: "Shefu, inakatala kufunguka!" Mtu aliyesimama gizani na watu 15 mbele yake, wengine wanaenda kupanda mitambo mikubwa kuliko nyumba yangu, hana muda wa kusubiri gurudumu lizunguke kwenye simu. Kwa hiyo suala hili nimelichukua kwa uzito, na madai ya hati ile nayajibu moja baada ya jingine, pamoja na mengine mawili niliyoyasikia ofisini.

"Seva mbili ni kasi mara mbili." Ndilo dai la kwanza, na ndilo lililohitaji kazi kubwa kulijibu.

Mifumo hii ya kusimamia maudhui ilizaliwa na desturi ya kuweka kila kitu pamoja. WordPress ilipotoka tarehe 27 Mei 2003 ilikuwa programu ya PHP inayoongea na hifadhidata ya MySQL, na hadi leo faili yake ya mipangilio huanza kwa kudhani kwamba hifadhidata iko papo hapo, ndani ya mashine ileile. Joomla, iliyojitenga na Mambo mwezi Agosti 2005, ilichukua jina lake kutoka neno letu "jumla". Sisi wa Kiswahili tunapaswa kulisikia jina hilo vizuri: yote pamoja. Kwa tovuti ndogo, jumla ni mpangilio mwema. PHP na hifadhidata zikikaa mashine moja huongea kwa njia fupi kuliko zote, hazipiti hata kwenye waya.

Ubaya huanza pale wapangaji wawili wanapogombania chumba kimoja, na chumba hicho kwa kawaida ni kumbukumbu. Seva yetu ilikuwa na GB 8. Mtu aliyeiweka aliruhusu PHP kufungua hadi michakato 100 kwa wakati mmoja, na kila mchakato ulikuwa unakula MB 70 hivi kwa sababu ya programu-jalizi zilizorundikwa kwa miaka. Mia mara 70 ni GB 7. Hifadhidata nayo ilikuwa na data ya GB 3, lakini ilikuwa imeachwa na nafasi ileile ambayo InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, huja nayo kutoka kiwandani, MB 128. Usiku wageni wakiwa wachache, hakuna aliyeona tatizo. Saa 11 na nusu alfajiri michakato ya PHP ilikuwa inapanda, kumbukumbu inajaa, na mfumo wa uendeshaji unaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Diski ni ya polepole mno kuliko kumbukumbu. Ikifika hapo, hifadhidata inayotaka kusoma data yake kutoka diski inapanga foleni nyuma ya PHP inayosukumiwa kwenye diski hiyohiyo. Siku mbaya zaidi Linux ilikuwa inatafuta mchakato mnene wa kuuua ili ipumue, na mnene alikuwa MySQL. Ndipo viongozi wa vikosi walipokuwa wanakutana na ule ukurasa mweupe unaosema tovuti imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata.

Katika hali hiyo seva mbili zinasaidia kweli. Hifadhidata ikipewa mashine yake ya GB 8, unaweza kuitengea GB 5 za kuhifadhi data yake kumbukumbuni, GB 3 zote zikaingia na nafasi ikabaki. PHP nayo inabaki na GB 8 zake. Lakini kinacholeta nafuu ni kwamba ugomvi umekwisha. Kama hapakuwa na ugomvi, hakuna cha kumaliza. Tovuti ambayo ukurasa wake unachukua sekunde 4 kwa sababu ya ulizo moja baya linalopekua safu nzima ya jedwali bila faharasa itachukua sekunde 4 ukiwa na seva moja, na sekunde 4 ukiwa na seva mbili, pamoja na bili ya pili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kupima, na kupima hakuna gharama. MySQL ina daftari la maulizo mazito ambalo unaliwasha kwa mstari mmoja. Ukiliwasha usisahau kwamba kiwango chake cha kuanzia ni sekunde 10. Ulizo la sekunde 9 halitaandikwa, nawe utadhani mambo ni shwari. Nililishusha hadi nusu sekunde. Katika siku tatu nikaona vitu viwili ambavyo hati ya muuzaji haikuvitaja. Jedwali la mipangilio lilikuwa limejaa mabaki ya programu-jalizi zilizoondolewa zamani, na mabaki hayo yalikuwa yanapakiwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. La pili liliniuma zaidi: nakala rudufu ya hifadhidata nzima ilikuwa imepangwa kufanyika kila siku saa 11:30 alfajiri. Aliyeipanga alidhani saa hiyo watu wote wamelala. Mjini, ndiyo. Kwenye barabara ya migodi hiyo ndiyo saa yenye watu wengi kuliko zote. Kuihamishia saa 8 usiku kulichukua dakika moja, na simu za alfajiri zilipungua siku iliyofuata, kabla ya seva yoyote kununuliwa.

"Hifadhidata inaweza kukaa popote, intaneti ya siku hizi ina kasi." Dai hili nalijibu kwa uchungu, kwa kuwa kampuni ileile iliwahi kulifuata kabla sijafika. Fundi mmoja aliichukua hifadhidata akaipeleka kwa muda kwenye mashine ya kukodi Ulaya, akaiacha PHP hapa Katanga. Alifuata ushauri wa kutenganisha neno kwa neno.

Hesabu yake ni hii. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Paris, hata ungevuta uzi ulionyooka kama kamba ya fundi mwashi, ni zaidi ya kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni 14,000, yaani milisekunde 70 kabla hata seva haijafikiri. Mkongo wa kweli haunyooki. Unateremka hadi pwani, unazunguka bara chini ya bahari, unapita vituo njiani. Tulipopima tulipata milisekunde 180. Sasa, WordPress haitumi maulizo yake kwa mkupuo. Inauliza, inasubiri jibu, inauliza lingine. Ukurasa wetu wa usalama ulikuwa na maulizo 60. Sitini mara milisekunde 180 ni sekunde 10.8 za kusubiri tu, huku seva ya Ulaya haina kazi, prosesa yake imepumzika, na kila kipimo cha upande ule kinaonyesha kwamba kila kitu ni kizima. Weka mashine hizohizo katika chumba kimoja, kwenye swichi moja, safari inakuwa nusu milisekunde au chini yake: maulizo 60 yanakula milisekunde 30.

Kuongeza mkataba wa intaneti hakuponyi hilo. Bomba pana linapitisha maji mengi, ila tone la kwanza linafika kwa muda uleule. Wakenya walilijua hili mapema. Kabla ya kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ujumbe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ulikuwa unazunguka kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani ndipo urudi mtaa wa pili. Kituo kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya kulalamikiwa, kikafunguliwa tena Februari 2002, na tangu hapo mawasiliano ya ndani ya Kenya yakaacha safari hiyo. Walikuwa wameuondoa umbali.

Hapo ndipo mfano wa matangi unapomgeukia muuzaji. Kinsevere imetenganisha kulowesha, kusafisha na kupitisha umeme, lakini mabomba kati ya hatua hizo yako ndani ya ua mmoja. Hakuna mhandisi anayeloweka mawe Kinsevere kisha akapeleka maji ya shaba mji wa mbali wa Kolwezi kupitishwa umeme. Angefanya hivyo wangemshangaa. Fundi wa kompyuta akifanya jambo hilohilo anaandikiwa hundi.

"Mashine pepe mbili ndani ya seva moja ni seva mbili." Nusu kweli. Ukiigawa mashine moja kuwa mbili pepe, kila moja inapata uzio wa kumbukumbu, na PHP ikivimba haiwezi kuila nafasi ya hifadhidata. Faida hiyo siikatai, na kwa mwenye mashine moja yenye nguvu ni njia nzuri ya kuanza. Ila diski ni ileile, umeme ni uleule, na mashine ikizima zinazima zote mbili. Uliza kila mara kinachogombaniwa ni nini. Kama ni diski, umewajengea ukuta watu wawili wanaochota kisima kimoja.

Dai la nne lilitoka ofisini kwetu, kwa mhasibu, mtu makini ninayemheshimu: "Nunua moja kubwa, uache habari za mbili." Na mara nyingi yuko sawa. Kama mashine yako ina GB 4 na bei ya kuipandisha hadi 16 ni ndogo kuliko bei ya mashine ya pili pamoja na swichi, waya na saa za fundi, pandisha. Mashine moja ina masasisho ya kufanya mara moja, ina nakala rudufu moja, ina mlango mmoja wa kulinda. Nilimpinga kwa sababu moja tu. PHP na hifadhidata hukua kwa namna tofauti. PHP inataka prosesa nyingi, data yake ni ya kupita, na mashine yake ikiungua unaijenga upya kwa saa moja. Hifadhidata inataka kumbukumbu na diski ya kuaminika, na ndani yake kuna sahihi za watu waliothibitisha kwamba wameusikia ujumbe wa usalama. Ajali ikitokea, sahihi hizo ndizo zinazotafutwa. Kitu cha namna hiyo sipendi kikae mashine moja na programu-jalizi ya kalenda iliyoandikwa na mtu nisiyemjua. Mhasibu alilielewa hilo haraka kuliko hoja zangu zote za kasi.

Kisha kuna jedwali lililokuwa ukurasa wa mwisho wa hati: watumiaji wakiongezeka kwa kiasi fulani, ongeza seva moja, wakiongezeka tena, ongeza nyingine. Mantiki hiyo inamfaa mwenye duka la seva. Karatasi ya usalama ya leo ni ileile kwa kila kiongozi wa kikosi. Kwa nini mashine iipike upya kwa kila mmoja wao, ikiuliza maulizo 60 kila mara? Ipikwe mara moja, nakala yake iwekwe tayari, wengine wapewe nakala. Hiyo ndiyo kazi ya kache.

Gazeti la Norway, Verdens Gang, lilikuwa na shida hiyo kwa kipimo kikubwa kuliko chetu, na kutoka kwake ikazaliwa Varnish, programu ya kache iliyotoka mwaka 2006, iliyoandikwa na Mdenmarki Poul-Henning Kamp. Kamp alieleza baadaye kwamba gazeti la kwanza la Norway kuitumia liliweza kuondoa seva 9 kati ya 12. Kuondoa, siyo kuongeza. Sisi hatukuhitaji hata Varnish. Nginx, programu ya seva ya tovuti nitakayoieleza hapa chini, inaweza kutunza nakala za kurasa. Sharti lake ni uangalifu: ukurasa wenye jina la mtu, au fomu aliyoijaza, usiingie kwenye kache hata kidogo, la sivyo mmoja atafunguliwa karatasi ya mwingine. Tuligawa kurasa katika mafungu mawili, za kusomwa na za kusainiwa, na zile za kusomwa peke yake ndizo zinazotunzwa.

Kuhusu picha nilisikia maneno mengi, hasa kwamba zihamishiwe "seva ya picha" na kasi itapatikana. Hebu tufanye hesabu ya simu ya kiongozi wa kikosi. Picha ya mtambo iliyopigwa kwa simu ya kisasa na kupandishwa bila kupunguzwa ni MB 4. Kwenye mtandao wa simu unaotoa megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo inachukua sekunde 16. Iweke kwenye seva ya picha iliyotengenezwa kwa dhahabu, bado ni sekunde 16, na kifurushi cha megabaiti alichokilipia mwenyewe kinaliwa. Ipunguze hadi KB 200, inashuka kwa chini ya sekunde moja.

Ila kuna kitu cha kweli kimejificha humo, na sikukiona mpaka nilipotazama orodha ya michakato saa 11:40 alfajiri. Seva yetu ilikuwa inatumia Apache kwa mtindo wa zamani, ambapo kila ombi, hata la picha tupu, linapewa mchakato mzima wa PHP wenye MB 70. Simu ya polepole ikivuta picha kwa sekunde 16, inaushikilia mchakato huo sekunde 16. Simu 30 za polepole ni michakato 30 iliyofungwa kamba, haifanyi chochote isipokuwa kudondosha baiti moja moja. Kwa hiyo kasi ndogo ya mtandao wa simu ilikuwa inageuka njaa ya kumbukumbu kwenye seva, na njaa hiyo ikamuua MySQL, na mtu aliyekaa ofisini akalaumu hifadhidata. Mambo ya namna hii ndiyo yananifanya niipende kazi hii.

Dawa yake ilikuwa kuiweka nginx mbele, ichukue maombi yote, itoe picha yenyewe na kuipigia PHP mlango pale tu inapohitajika. Nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotolewa hadharani mwaka 2004, iliandikwa kwa ajili ya hali hiyo hasa: maelfu ya wageni wa polepole wakihudumiwa na michakato michache myepesi. Huko ni kutenganisha kazi, na kulifanyika ndani ya mashine ileile. Matangi mawili, ua mmoja, chuma kimoja.

"Kutenganisha kunaongeza usalama." Kunaweza. Hifadhidata ikiwa kwenye mashine yake, isiyoonekana kutoka nje, mvamizi aliyepita kwenye programu-jalizi mbovu bado ana ukuta mwingine mbele yake. Lakini siku ya kutenganisha ndiyo siku hifadhidata inapoacha kusikiliza ndani peke yake na kuanza kusikiliza kwenye waya, mlango wa 3306. Fundi mwenye haraka anaifungulia anwani zote, anajaribu, inafanya kazi, anaenda nyumbani. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilifutwa na wahalifu waliodai fidia kwa bitcoin, na mwezi uliofuata zikaja zamu za MySQL. Kwetu hifadhidata inasikiliza kwenye anwani ya ndani tu, mtumiaji wa WordPress anakubaliwa kutoka anwani moja tu, ile ya seva ya tovuti, na waya kati yao haupiti mahali pengine popote.

Limebaki dai ambalo wakubwa walilipenda kuliko yote: "Ukiwa na seva mbili, moja ikifa nyingine inaendelea." Lingekuwa kweli kama seva mbili zingekuwa zinafanya kazi moja. Hizi zinategemeana. Tovuti bila hifadhidata ni mlango usio na nyumba. Chukua mashine mbili, kila moja ikiwa hai asilimia 99 ya mwaka. Kwa mashine moja utapoteza siku 3.65. Kwa mbili zinazotegemeana, 0.99 mara 0.99 ni 0.9801, na utapoteza siku 7 na robo. Kutenganisha peke yake kumeongeza maradufu siku za kulala. Anayetaka moja ibebe mzigo wa nyingine anahitaji nakala hai ya hifadhidata na mtu anayejua kuihamishia kazi saa 11 alfajiri, na hiyo ni bei tofauti kabisa na ile iliyoandikwa kwenye hati.

Hapa kwetu hesabu hiyo ina jina, nalo ni umeme. Ripoti za MMG zenyewe zimerudia kutaja kukatika kwa umeme kama sababu ya uzalishaji wa Kinsevere kupungua, na mgodi una jenereta zake kubwa. Mkandarasi mdogo ana jenereta moja na betri za kushikilia dakika chache mpaka jenereta iwake. Hati ilipendekeza seva ya pili iwekwe jengo lingine, kwenye laini nyingine ya umeme, "kwa ajili ya uhakika". Nilikataa. Vitu viwili vinavyohitajiana vikiwa kwenye laini mbili, laini yoyote ikikatika vyote vimelala. Nikaziweka zote mbili kwenye betri zilezile, nikaongeza betri, nikaipanga hifadhidata ijifunge kwa utaratibu betri zikifika nusu. Nikahakikisha pia kwamba hakuna jedwali lililobaki katika mtindo wa zamani wa MyISAM, maana umeme ukikatika katikati ya maandishi, InnoDB hujirekebisha inapoamka kwa kusoma daftari lake la mabadiliko, na MyISAM huweza kuamka na majedwali yaliyovunjika.

Tulichonunua mwishoni ni mashine moja iliyotumika, ya GB 16, na waya wa mita moja. Mkataba wa ile mashine ya kukodi Ulaya, uliokuwa bado unaendelea, uliachwa uishe mwisho wa mwezi.

Jumapili moja, kabla ya mvua za Novemba, niliomba ruhusa nikafanya jaribio mbele ya mhasibu na msimamizi wa usalama. Nilichomoa waya wa hifadhidata. Ukurasa wa karatasi ya usalama ukafunguka kwenye simu ya msimamizi kama kawaida, kutoka kache, nakala ya asubuhi ile. Akajaribu kusaini, ikamwambia kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba sahihi haziwezi kupokelewa kwa sasa, atumie karatasi na kalamu. Akafungua mkoba wake, akatoa daftari, akaandika majina ya watu wake kwa mkono, na akasema kwamba kwa namna hiyo zamu inaweza kuanza.